Tuvalu, 2010 hadi 2015: Bunge lililofungiwa mlango

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nasoma sheria, niko mwaka wa pili. Darasani tulitajiwa kwa haraka kwamba huko Tuvalu, mwaka 2013, Gavana Mkuu alimfukuza kazi Waziri Mkuu, kisha somo likaendelea. Nimejaribu kusoma mwenyewe nikazidi kuchanganyikiwa: Bunge lina watu 15 tu, Spika akagoma, waziri mmoja akajiuzulu katikati ya kikao, barua ikaandikwa kwa Malkia. Nani hasa alikosea pale? Na kama ile barua ya Malkia ingefanyiwa kazi kwanza, Gavana angeondoka?"

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Kilichokuchanganya ni kuanza na Malkia. Mweke pembeni kwa muda, na Gavana naye mweke pembeni. Shika namba mbili tu, 8 na 7. Karibu kila kitu kilichotokea katika Bunge lile ni habari ya mtu mmoja kuhama kutoka upande wa nane kwenda wa saba, au mtu mmoja kufariki, au mtu mmoja kuacha kiti.

Tuvalu ni visiwa tisa vidogo katikati ya Pasifiki, kaskazini mwa Fiji. Nchi kavu yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 26. Kisiwa chetu cha Mafia ukikigawa mafungu kumi, fungu moja bado linaishinda Tuvalu nzima. Sensa ya 2012 ilikuta watu wasiofika 11,000. Walipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 1 Oktoba 1978 na wakabaki na mfalme au malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi, anayewakilishwa na Gavana Mkuu mzawa. Katiba iliyokuwa ikitumika wakati wa kisa chetu ni ya 1986.

Bunge la wakati ule lilikuwa na viti 15. Kila kisiwa kilitoa wabunge wawili, isipokuwa Nukulaelae kilichotoa mmoja, na Niulakita kilichohesabiwa pamoja na Niutao. Na hakuna vyama. Hili ulishike vizuri, maana mwanafunzi aliyezoea siasa za kwetu hulipita haraka. Hakuna kadi ya chama wala kamati kuu ya kukuita ujieleze. Mbunge anasimama kama mtoto wa kisiwa chake, anachaguliwa, kisha wakishafika Funafuti, makao makuu, wanaanza kuhesabiana: nani yuko na nani. Wakimaliza wanapiga kura ya kumchagua Waziri Mkuu miongoni mwao. Kwetu mbunge akihama chama anapoteza kiti, kwa hiyo kuhama kuna gharama. Kule hakuna chama cha kuhama. Mtu "anaunga mkono juhudi" asubuhi, na jioni bado ni mbunge yule yule wa kisiwa kile kile.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 16 Septemba 2010. Mwisho wa mwezi ule wabunge wakamchagua Maatia Toafa wa Nanumea kuwa Waziri Mkuu, kura 8 kwa 7 dhidi ya Kausea Natano wa Funafuti. Serikali ya Toafa haikumaliza hata robo mwaka. Tarehe 21 Desemba ilipigwa kura ya kutokuwa na imani naye, na aliyegeuza mizani ni Willy Telavi, waziri wake mwenyewe wa mambo ya ndani, tena mbunge mwenzake wa Nanumea. Matokeo: 8 kwa 7. Siku tatu baadaye, mkesha wa Krismasi, Telavi akachaguliwa Waziri Mkuu kwa kura 8 dhidi ya 7 za Enele Sopoaga wa Nukufetau. Telavi si mwanasiasa aliyepandia jukwaani. Kabla ya siasa alikuwa mkuu wa polisi wa nchi hiyo kwa miaka mingi. Sopoaga yeye alikuwa mwanadiplomasia, aliwahi kuwa balozi Umoja wa Mataifa. Polisi na balozi: ukiwatazama walivyogombana mwaka 2013, mafunzo ya kazi zao yanaonekana.

Sasa njoo Nukufetau, kwa sababu mgogoro wote ulianzia huko, miaka miwili kabla haujalipuka. Kisiwa hicho kilikuwa na wabunge wawili. Mmoja ni Sopoaga, aliyetaka uwaziri mkuu. Wa pili ni Lotoala Metia, aliyewahi kuwa waziri wa fedha. Katika hesabu ile ya Desemba 2010 Metia alisimama na Telavi badala ya mtu wa kisiwani kwake, akapewa tena wizara ya fedha. Wazee wa Nukufetau wakakasirika. Wangeweza kupata Waziri Mkuu kutoka kwao, na mtoto wao wenyewe ndiye aliyewanyima!

Wazee hao si wazee wa kijiweni. Kila kisiwa cha Tuvalu kina falekaupule, baraza la jadi ambalo linatambuliwa na sheria na lina sauti katika mambo ya ardhi, maendeleo na mwenendo wa watu. Falekaupule ya Nukufetau ilikuwa imemwelekeza Metia awe upande gani. Alipokaidi, ikamwamuru ajiuzulu ubunge. Januari 2011 watu wa Nukufetau waishio Funafuti wakaandamana wakidai hivyo, na Telavi, polisi wa zamani, akatumia sheria ya usalama wa umma kupiga marufuku mikutano ya hadhara kwa siku 14. Kwa nchi ambayo jioni watu hucheza mpira na kupunga upepo kwenye njia ya kurukia ndege, hadi king'ora kilie kwamba ndege inatua, amri ile ilikuwa kishindo.

Wazee wakaenda mahakamani. Julai 2012 Mahakama Kuu ikasema jambo ambalo ningependa uliandike kwenye daftari lako kwa wino mwekundu: mbunge anachaguliwa na watu wa eneo lake, lakini hafungwi na maelekezo yao, wawe mmoja mmoja au baraza zima. Wakipoteza imani naye hawawezi kumlazimisha ajiuzulu. Kiti kinakuwa wazi kwa sababu zilizoandikwa kwenye Katiba tu. Metia akabaki na kiti chake. Mimi naona hukumu ile ilikuwa sahihi kisheria, ingawa nawaelewa wazee. Kwenye kisiwa ambacho watu wote wanajuana kwa majina na kwa mababu, kuambiwa kwamba uliyemtuma hana wajibu wa kusikiliza aliyemtuma ni kitu kigumu kumeza.

Nisikufanye udhani miaka ile walikuwa wakigombana tu. Mwaka 2011 mvua ziligoma miezi na miezi. Visiwa vile ni matumbawe yaliyochomoza kidogo juu ya bahari, havina mto, maji ya chini yana chumvi, na watu wanakunywa mvua iliyokingwa kutoka mabatini. Mwishoni mwa Septemba serikali ikatangaza hali ya hatari, na huko Funafuti kila kaya ikapewa ndoo mbili za maji kwa siku. Ndoo mbili za kupikia, kunywa, kufulia na kuogesha watoto. Nyuzilandi na Australia zikaleta mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mwezi huo huo wa Septemba serikali ya Telavi ilitambua Abkhazia na Ossetia Kusini, maeneo yaliyojitenga na Georgia, kama nchi huru, uamuzi uliofutwa Machi 2014 baada ya yeye kuondoka. Na mwaka 2012 wakabanwa kwa barua na mbunge mmoja wa Marekani kwa kusajili meli za mafuta za Iran chini ya bendera yao. Hilo unaweza kulikumbuka, maana Tanzania ilikutwa kwenye shimo lile lile mwaka ule ule kupitia usajili wa Zanzibar, na barua kama ile ikaenda kwa Rais Kikwete.

Turudi kwenye hesabu. Desemba 2012 Metia akafariki dunia. Serikali ikabaki na 7, upinzani 7. Kiti cha Nukufetau kikawa wazi, na kila mtu mwenye akili timamu Tuvalu alijua kiti hicho kitakwenda wapi uchaguzi mdogo ukiitishwa.

Kwa hiyo Telavi hakuuitisha. Januari ikapita, Februari ikapita, Machi ikapita. Sheria ilimpa Waziri Mkuu kazi ya kutangaza uchaguzi mdogo, ila haikutaja siku ngapi. Mtu wa kawaida anasoma kifungu kama hicho anaona wajibu. Mwanasiasa aliyebanwa anaona nafasi ya kupiga danadana. Watu wa Nukufetau wakarudi tena mahakamani, na Mei 2013 Jaji Mkuu Gordon Ward akaamua kwamba Waziri Mkuu hana uhuru usio na mpaka wa kuchagua lini watu wapate mwakilishi, akamtaka atangaze uchaguzi. Ulifanyika tarehe 28 Juni 2013. Elisala Pita, mgombea aliyeungwa mkono na upinzani, akashinda kwa kishindo.

Hesabu sasa: upinzani 8, serikali 7. Namba zile zile za mwanzo, zimegeuzwa tu.

Katika nchi yoyote yenye mfumo wa Westminster, yaani wa Bunge la Kiingereza, Waziri Mkuu aliyefika hapo ana njia mbili za heshima: ajiuzulu, au aende bungeni apigiwe kura. Telavi akapata ya tatu. Kifungu cha 116 cha Katiba ya wakati ule kilisema Bunge linaitishwa na mkuu wa nchi, yaani Gavana Mkuu, kwa ushauri wa Baraza la Mawaziri, na kwamba kati ya mkutano mmoja na mwingine isipite zaidi ya miezi 12. Bunge lilikuwa limekutana mara ya mwisho Desemba 2012. Basi, akasema Telavi, Katiba inatosheka tukikutana Desemba 2013. Hajavunja hata nukta.

Hapo ndipo ninapotaka usimame, usikimbilie kwa Malkia. Kwenye ubishi huu hakuna aliyekuwa na shaka nani ana wingi. Upinzani ulijua, serikali ilijua, hata mpiga soga wa gatini alijua. Walichokuwa wakigombania ni kalenda. Wingi wa kura ni mali iliyofungiwa ndani ya chumba: hautumiki mpaka mlango ufunguliwe na kikao kiitishwe. Na Katiba ilimkabidhi ufunguo mtu yule yule ambaye mlango ukifunguliwa anapoteza kazi. Kosa hilo la uandishi si la Tuvalu peke yake. Ukipata muda, pitia katiba zilizoachwa na Waingereza Karibiani na Pasifiki utaona limejirudia, kwa sababu London mambo haya yalikuwa yakilindwa na desturi, na desturi haisafirishwi kwa meli.

Wapinzani wakamwendea Gavana Mkuu, Sir Iakoba Italeli, wakimwonyesha kwamba wao ni wanane. Italeli akaitisha Bunge tarehe 30 Julai bila kungoja ushauri wa Baraza la Mawaziri. Hii ndiyo hatua ya kwanza yenye utata kisheria, na kwa maoni yangu ni nzito kuliko ile ya kumfukuza Waziri Mkuu, ingawa wengi wanaijadili ile ya pili tu.

Sasa itazame siku yenyewe, Jumanne. Bunge linakutana Vaiaku, hatua chache kutoka uwanja wa ndege. Usifikirie Dodoma. Ni ukumbi ambako wananchi wanafuatilia kwa karibu kiasi kwamba mbunge akikohoa wanamsikia. Upinzani unaingia na hoja ya kutokuwa na imani. Spika ni Kamuta Latasi, mbunge wa Funafuti, kutoka upande wa serikali. Latasi anaikataa hoja. Haijadiliwi, haipigiwi kura. Hapo hapo waziri wa afya, Taom Tanukale wa kisiwa cha Nui, anajiuzulu, si uwaziri tu bali na ubunge.

Kwa haraka haraka utadhani serikali imejikata mguu, maana imebaki na 6. Lakini angalia alichofanya Telavi na kiti kile kilichoachwa wazi. Alisema Bunge lisiendelee mpaka kwanza Nui wapate mbunge wao kwa uchaguzi mdogo. Yule yule aliyekaa miezi na miezi bila kuwatangazia Nukufetau uchaguzi, sasa alikuwa anawaonea Nui uchungu wa kukosa mwakilishi! Serikali ambayo tayari imeshindwa kwa wingi haipotezi kitu ikipoteza kura moja zaidi, lakini miezi mingine michache inaifaa. Spika akaahirisha kikao.

Italeli akaamuru Bunge likutane tena Ijumaa, tarehe 2 Agosti. Telavi akaandika kwa Malkia Elizabeth akimwomba amwondoe Gavana Mkuu. Alhamisi, tarehe 1 Agosti, Italeli akamwondoa Telavi na kumkabidhi Sopoaga uwaziri mkuu wa muda. Kesho yake wabunge wakakutana, hoja ikasomwa, kura zikapigwa: 8 waliikataa serikali ya Telavi, 4 waliitetea, 1 hakuwa upande wowote. Siku chache baadaye wakamchagua Sopoaga kwa kura 8 dhidi ya 5, akaapishwa Jumatatu, tarehe 5 Agosti.

Sasa swali lako la kwanza: nani alikosea?

Nitaanza na Spika, na najua wengine wangeanza na Telavi. Waziri Mkuu ni mchezaji. Anatetea kiti chake, na akitumia upenyo wa kisheria tunamsema lakini hatushangai. Spika ni mwamuzi. Hoja ya kutokuwa na imani ndiyo hoja pekee ambayo Spika hana ruhusa ya kuikalia, kwa sababu bila hiyo Bunge halina namna nyingine ya kuiambia serikali iondoke. Kwenye Bunge la watu 300, Spika akichelewesha hoja kwa wiki moja watu watanung'unika. Kwenye Bunge la watu 15, ambako wanane wamekaa mbele yake na wamejihesabu hadharani, kuikataa ni sawa na refa kuondoka na mpira. Kama Latasi angeruhusu kura ile Jumanne, usingesikia habari ya Malkia, wala ya Gavana, na leo usingeniandikia.

Tena Latasi hakuwa mgeni wa mambo haya. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Desemba 1993. Yeye ndiye aliyeiondoa bendera ya Uingereza kwenye pembe ya bendera ya Tuvalu mwaka 1995, jambo lililowagawa watu. Desemba 1996 aliangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani, na bendera ya zamani ikarudi Aprili 1997. Aliwahi kuketi kwenye kiti cha anayepigiwa kura, akaondoka kwa utaratibu.

Telavi anafuata. Hoja yake ya miezi 12 ilikuwa ya kweli kwa maandishi, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kifae kufundishia. Kifungu kinachoweka ukomo wa mbali, yaani usipitishe miezi 12, hakikupi haki ya kusubiri hadi siku ya mwisho wakati msingi wa kukaa kwako madarakani umeshaondoka. Mwajiri akikwambia mshahara utalipwa si zaidi ya tarehe 5, haina maana anaweza kufunga ofisi na kuhama kabla ya tarehe hiyo. Na usisahau mahakama ilikuwa imeshamkemea Mei kwa danadana ya aina hiyo hiyo.

Gavana je? Hapa wanasheria wanagawanyika, na mtihani wako ukiuliza, toa pande zote mbili. Wanaompinga wanasema Katiba ilimtaka afuate ushauri wa Baraza la Mawaziri katika kuitisha Bunge, naye hakuufuata. Na Waziri Mkuu anaondolewa na Bunge, siyo na mtu mmoja wa Ikulu ambaye hakuchaguliwa na yeyote. Tukikubali leo kwa sababu aliyefukuzwa hana wingi, kesho Gavana mwingine atasema mwenye wingi hafai. Wanaomtetea wanasema kila mkuu wa nchi katika mfumo huu ana mamlaka ya akiba, yanayolala usingizi mpaka siku ambayo Bunge limezuiwa kufanya kazi yake, na siku hiyo ndiyo ile.

Mimi niko upande wa pili, ila kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo linaloitofautisha Tuvalu na kisa cha Australia ambacho bila shaka mmekisoma. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Mkuu John Kerr alimfukuza Waziri Mkuu Gough Whitlam, ambaye bado alikuwa na wingi katika baraza la wawakilishi. Akamteua Malcolm Fraser. Alasiri ile ile wawakilishi wakapiga kura kwamba hawana imani na Fraser, na Kerr, badala ya kuwasikiliza, akavunja Bunge. Kerr alifunga mlango. Italeli alifanya kinyume chake: alimtoa mtu aliyekuwa ameushikilia mlango, na chini ya saa 24 wabunge walikuwa ndani wakiamua wenyewe, na wangeweza hata kumkataa Sopoaga. Gavana anayetumia mamlaka ya akiba kulipeleka Bunge kwenye kura namwelewa. Anayeyatumia kulikwepa Bunge simwelewi, hata kama kesi yake imepambwa kwa vifungu.

Kuna njia moja zaidi ambayo mtu anaweza kuuliza: mbona Telavi hakuvunja Bunge wakaenda kwenye uchaguzi mkuu? Katika mfumo ule, Waziri Mkuu hakuwa na kitufe hicho mkononi. Mwaka 1993, wakati Bunge lilikuwa na watu 12, wagombea wawili wa uwaziri mkuu, Bikenibeu Paeniu na Tomasi Puapua, walitoka 6 kwa 6, wakarudia, wakatoka 6 kwa 6. Aliyelivunja Bunge ni Gavana Mkuu, na wananchi wakapiga kura mara ya pili mwaka ule ule. Mwaka 2013 hapakuwa na sare. Palikuwa na wanane walio tayari na mlango uliofungwa.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Je, barua kwa Malkia ingeweza kumwondoa Italeli?

Kwa maandishi, ndiyo, tena kwa wepesi wa kutisha. Katiba ilisema Gavana Mkuu anateuliwa na anaweza kuondolewa wakati wowote, kwa sababu au bila sababu, na Malkia kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Na ilikuwa imewahi kutokea. Toomu Sione aliteuliwa Gavana Mkuu mwaka 1993. Serikali ikabadilika, na mwaka 1994 akaondolewa, nafasi yake akaichukua Tulaga Manuella. Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa nani? Kamuta Latasi. Kwa hiyo mwaka 2013, Spika aliyekuwa ameikalia ile hoja alijua kutokana na uzoefu wake mwenyewe kwamba silaha ya barua inafanya kazi. Ndiyo maana Alhamisi ile ilikuwa mbio: Waziri Mkuu anaweza kumwondoa Gavana kwa kupitia London, Gavana anaweza kumwondoa Waziri Mkuu pale pale Funafuti, na kati ya Vaiaku na Buckingham kuna nusu ya dunia.

Lakini soma kifungu hadi mwisho. Ushauri ule wa Waziri Mkuu ulitakiwa utolewe baada ya kushauriana na wabunge kwa siri. Telavi angewauliza wabunge gani? Kati ya 14 waliobaki, wanane walikuwa wakimtegemea Italeli kufungua mlango. Kushauriana si kupata kibali, hilo kweli, wangeweza kuulizwa wakapinga na bado yeye akaendelea. Ila Ikulu ya London haifanyi kazi kama tarishi. Inapopokea ushauri kutoka kwa Waziri Mkuu inaangalia pia kama mshauri mwenyewe bado ana Bunge nyuma yake, na wakati barua inasomwa jibu la swali hilo lilikuwa limeshatoka: 8 kwa 4. Mtu aliyeiandika hakuwa tena Waziri Mkuu. Malkia hakutoa tamko lolote, na Italeli akaendelea na kazi yake. Kama Telavi angeiandika mwanzoni mwa Julai, kabla ya Bunge kuitishwa, ningekupa jibu lenye wasiwasi zaidi.

Kuhusu waliobaki, kwa ufupi. Nui walipata uchaguzi wao mdogo tarehe 10 Septemba 2013, na Leneuoti Maatusi aliyeshinda akajiunga na upande wa Sopoaga. Kisiwa hicho, kwa bahati, ndicho kilichomleta pia Pelenike Isaia, aliyeshinda kiti cha marehemu mumewe mwaka 2011 na kuwa mwanamke wa pili kuingia Bunge la Tuvalu. Wa kwanza alikuwa Naama Latasi, mke wa Kamuta. Latasi mwenyewe alibaki Spika hadi Machi 2014, Bunge lilipomwondoa na kumweka Otinielu Tausi. Uchaguzi mkuu uliofuata ulipangwa Machi 2015. Kimbunga Pam kikapita karibu kabla ya siku ya kura, mawimbi yakavipanda visiwa vya kaskazini na kati, Nui kikiwemo, na upigaji kura ukasogezwa hadi tarehe 31 mwezi huo.